Nchi ya Burundi, Jirani Yetu wa Kaskazini

Wasomaji wetu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika waijua Burundi kwa biashara ya mawese, dagaa na kahawa, na wengine kwa jamaa waliooana nao. Lakini habari za ufalme wake wa zamani na serikali yake ya sasa ni wachache waliozisoma kwa taratibu. Twaona yafaa kuzieleza hapa, maana kila mara mambo ya nchi ile yalipoharibika, mitumbwi ya kwanza ya wakimbizi imetua kwetu.

Mtu atokaye Kigoma kwa mashua na kuufuata ufuko kwenda kaskazini hupita Gombe, kisha hufika Kagunga, na mbele ya Kagunga ndipo mpaka ulipo. Nchi yenyewe ni ya milima, na eneo lake ni kilometa za mraba 27,834, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wa Kigoma peke yake. Lakini watu wake ni wengi sana. Hesabu ya mwaka 2008 ilikuta watu zaidi ya milioni 8, hali Mkoa wa Kigoma, ulipohesabiwa mwaka 2022, haukufikia milioni 2 na nusu. Kwa hiyo shamba kule ni kitu cha thamani kubwa, na jambo hili msomaji alishike moyoni, maana litarudi.

Wenyeji ni Wahutu, Watutsi na Watwa. Wengi husema kwa haraka kwamba hayo ni makabila matatu, kama Wagogo na Wanyamwezi. Hayako hivyo. Wagogo na Wanyamwezi wana nchi mbalimbali na lugha mbalimbali, bali watu hawa wote husema Kirundi, hukaa katika milima ile ile, na tangu zamani walimtii mfalme mmoja. Mha wa Kasulu akisikia Kirundi hahitaji mkalimani. Mwalimu afundishaye habari hizi na aangalie asiwafundishe watoto uongo huo.

Mfalme wao aliitwa mwami, neno ambalo si geni kwa Waha, kwa kuwa watemi wa Buha nao waliitwa hivyo. Wana wa ukoo wa kifalme waliitwa baganwa, nao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Kila mwaka, wakati wa kupanda mtama, mwami alifanya sikukuu ya umuganuro, na ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ilitolewa mbele ya watu. Huko vilimani mashauri yaliamuliwa na wazee walioitwa bashingantahe. Jina hilo latokana na intahe, fimbo ya hukumu. Mzee alichaguliwa kwa uadilifu wake, akiwa Mhutu au Mtutsi.

Habari za ufalme huo zakutana na zetu wakati wa Mwami Mwezi Gisabo. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu nyingi Ujiji, naye alijaribu kuiingia Burundi kutafuta pembe na watumwa, akarudishwa nyuma na watu wa Mwezi. Wadachi, ndio Wajerumani, hawakurudishwa. Mwaka 1903 Mwezi alikubali himaya yao huko Kiganda, akafa mwaka 1908. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Burundi, na katika vita hivyo hivyo walizitwaa Kigoma na Ujiji, wakazishika hata mwaka 1921. Walipoondoka kwetu walijiwekea mahali katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam pa kupitishia mizigo, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka!

Sasa twafika penye jambo ambalo machifu wangepaswa kulisoma mara mbili. Wabelgiji waliona machifu ni wengi mno, wakaanza kuunganisha nchi zao na kuwaondoa baadhi yao. Mwaka 1929 walikuwapo machifu 133, na katika hao 27 walikuwa Wahutu. Mwaka 1945 walibaki 35, wala hakuwamo Mhutu hata mmoja. Hapana vita vilivyopiganwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu ofisini. Tangu hapo mtoto wa Mhutu aliyetaka cheo aliuona mlango umefungwa.

Aliyejaribu kuufungua ni Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa. Chama chake cha UPRONA kilikuwa na Wahutu na Watutsi pamoja, na Septemba 1961 kilipata viti 58 katika 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo alipigwa risasi, akafa. Nchi ilijitawala tarehe 1 Julai 1962, bila yeye. Mwaka 1966 askari walikomesha ufalme, na Kapteni Michel Micombero akawa rais. Mwaka 1972, baada ya maasi ya Wahutu upande wa kusini, serikali yake iliua Wahutu zaidi ya laki moja, ikiwatafuta hasa waliosoma: walimu, makarani na wanafunzi. Waliokimbilia Tanzania wengi walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia.

Melchior Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu, alichaguliwa Juni 1993, akauawa Oktoba, na vita vikaenea. Mapatano yalifanyika Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere aliyaanza, akafariki mwaka 1999, na Nelson Mandela akayamaliza. Katiba ya mwaka 2005 iliagiza kwamba katika Baraza la Taifa Wahutu wawe asilimia 60 na Watutsi 40, na wanawake wasipungue 30, na Watwa wapewe viti vitatu. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu fujo zilizuka tena, na maelfu walijazana Kagunga wakiugua kipindupindu, hata meli ya Liemba ikawachukua kuwaleta Kigoma. Évariste Ndayishimiye aliapishwa kumfuata mwaka 2020. Makao ya serikali yamehamishiwa Gitega, na sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5.

Chini ya mikoa na tarafa, serikali yao huishia kilimani, ambako kila kilima kina baraza lake. Huko ndiko walikorudi wakimbizi wengi wa mwaka 1972, wakakuta mashamba yao yamelimwa na wengine miaka thelathini na zaidi. Mwaka 2006 iliundwa tume ya kuamua mashauri hayo, na mara nyingi wote wawili waliosimama mbele yake walikuwa na haki ya kulia.