SOMO LA AFYA NA KAZI: MTOTO AKIPANGIWA UPASUAJI MDOGO

Hapa Masumbwe watu wengi wanaishi kwa kazi ya malipo. Wengine ni vibarua katika mashamba ya mpunga na pamba. Wengine wanashuka katika maduara ya dhahabu. Wengine wameajiriwa madukani na mashineni. Kazi hizo ndizo zinazoleta unga nyumbani.

Lakini siku moja daktari anaweza kukuambia, "Mtoto huyu anatakiwa kupasuliwa. Mlete tarehe fulani." Hapo baba na mama huanza kujiuliza: twende hospitali au twende kazini? Leo tutajifunza jinsi ya kwenda hospitali bila kuharibu kazi.

1. Kwa nini tusingoje?

Tuchukue mfano wa ngiri ya kinena. Watu wengine huiita mshipa. Hospitalini huitwa pia henia. Mtoto akilia au akikohoa, uvimbe hutokeza kwenye kinena. Akilala, hurudi ndani. Mara nyingi hauumi. Kwa sababu hauumi, wazazi husema, "Tuvune kwanza." Wengine humpaka mtoto dawa za majani.

Ngiri hii hutokea kwa sababu njia ndogo chini ya tumbo haikuziba kabla mtoto hajazaliwa. Utumbo hupenya hapo. Dawa ya kunywa au ya kupaka haiwezi kuziba njia hiyo. Inazibwa kwa upasuaji tu.

Hatari yake ni utumbo kunasa. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, usirudi ndani, na mtoto akatapika, usingoje tarehe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Upasuaji uliopangwa mapema ni mdogo. Mara nyingi mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto wake anapougua. Siku hizo 4 ni za kipindi cha miezi 36, siyo za kila mwezi. Zikiisha, mnaweza kukubaliana na mwajiri kuhusu siku nyingine, lakini huenda zisilipwe. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Kwa hiyo tunza karatasi ya hospitali. Kwa kawaida, aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hapati ruhusa hiyo ya malipo.

Je, kibarua wa siku au mchimbaji anayengoja mgao afanye nini? Huyu mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Basi na azungumze mapema na mwenye duara au mwenye shamba, mbele ya wenzake. Waelewane ni nani atashika nafasi yake, na mgao wake utakuwaje. Kisha waandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Andika barua

Usitoroke kazini. Mtu akitoroka, hata mwenye sababu nzuri huonekana mtoro. Ukishapewa tarehe ya hospitali, andika barua fupi namna hii:

Masumbwe,
Tarehe ..............

Kwa Msimamizi wa Kazi,

YAH: KUOMBA RUHUSA YA SIKU 3

Mimi .............. naomba ruhusa ya siku 3, kuanzia tarehe ........ hadi tarehe ......... Mtoto wangu amepangiwa upasuaji katika hospitali ya .............. tarehe ......... Naambatanisha nakala ya karatasi ya hospitali. Nitarudi kazini tarehe .........

Ndimi,
(Saini na jina)

Andika barua mbili zinazofanana. Moja mpe msimamizi. Ya pili mwombe aitie saini, ubaki nayo wewe.

4. Baba na mama wagawane kazi

Huyu aende hospitali, yule abaki na watoto wengine na shughuli za nyumbani. Siku ya pili mnaweza kubadilishana. Kumuuguza mtoto siyo kazi ya mama peke yake. Mama muuza mchele naye anapoteza pato akifunga biashara.

Aliyekesha wodini asishuke duarani asubuhi bila kulala. Usingizi shimoni ni hatari kwake na kwa wenzake.

Ulizeni mapema gharama ni kiasi gani. Wekeni nauli pembeni, kwani huenda mkapewa rufaa kwenda Kahama au Geita.

5. Siku yenyewe

Daktari atasema mtoto aache kula na kunywa saa ngapi. Shika saa hizo sawasawa. Mtoto atapewa dawa ya usingizi. Akiwa na chakula tumboni, anaweza kutapika na matapishi yakaingia katika mapafu. Mtoto akilia kwa njaa usimpe hata kipande cha kiazi. Kama amekula kwa bahati mbaya, sema kweli. Ni afadhali tarehe isogezwe.

Utapewa karatasi ya kukubali upasuaji. Usitie saini haraka. Wewe sasa unajua kusoma. Soma jina la mtoto na upande wa kupasuliwa. Usipoelewa, uliza.

Mkirudi nyumbani, tunza kidonda kama mlivyoelekezwa. Mtoto akipata homa, kidonda kikitoa usaha au damu, au akishindwa kukojoa, rudini hospitali bila kungoja.

Ndugu msomaji, uliondoa ujinga wa kutojua kusoma ili elimu ikusaidie. Karatasi moja iliyoandikwa mapema inaweza kukulindia kazi yako, nawe ukakaa kando ya kitanda cha mwanao.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni dalili zipi zinaonyesha kuwa ngiri imenasa?
2. Sheria ya mwaka 2004 inatoa siku ngapi mtoto akiugua? Ni za kipindi gani?
3. Kibarua analipwa shilingi 10,000 kwa siku. Akikosa siku 3 bila malipo, atakosa shilingi ngapi? Akiweka akiba ya shilingi 1,000 kila siku ya kazi, atazipata baada ya siku ngapi?
4. Andika barua ya ruhusa katika daftari lako. Mpe mwenzako aisahihishe.