Neno Refu Lina Maungio: Kutafuta Maneno ya Kiingereza Katika Herufi Ulizopewa



Ndugu zangu wasomaji, wanaokuja barazani kwetu Jumamosi baada ya Alasiri wanaujua mchezo wetu wa herufi. Hatuwekeani pesa wala soda, na adhana ya Magharibi ikisikika kete zinarudi mfukoni. Muhula huu amejiunga nasi ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Bujumbura, ambaye sekondari yote aliisoma kwa Kifaransa. Wiki tatu za mwanzo alikaa pembeni akitazama. Ya nne tukampa herufi hizi tisa:

A C D E I N O T U

Akazipangua na kuzipanga kwa dakika kumi. Akapata dance, akapata noted, akapata action. Tulipomwonyesha education alicheka, lakini kicheko cha uchungu, maana neno hilo huliandika kwenye fomu kila muhula. "Basi Kiingereza sikijui," akasema. Nilitaka kumjibu palepale, adhana ikanikatiza. Makala hii ndiyo jibu.

Kiingereza anakijua. Alichokosa ni njia ya kutafuta. Herufi tisa zilizo tofauti zina mipangilio 362,880. Ukijaribu mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, utatumia zaidi ya siku 4. Hakuna aliye barazani anayeshinda kwa njia hiyo, hata wale wanaojifanya.

Yupo aliyeipita njia ya kupangua akafaulu, naye ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8. Katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, alichukua herufi za mzizi, akazigeuza kila namna, akabainisha ni mpangilio upi Waarabu wanautumia na upi wameuacha. Lakini mizizi ya Kiarabu ni mifupi. Herufi tatu zina mipangilio 6, nne 24, tano 120, na hapo ndipo alipokomea. Neno la Kiingereza la herufi tisa au kumi na mbili lingemshinda yeyote.

Neno hilo huwa limeungwa kwa vipande, kama sisi tunavyosema "hawatatufundisha". Hakuna Mswahili anayelitafuta neno hilo herufi moja moja. Anajua ha-, anajua -wa-, anajua -ta-, na fundisha anayo tayari. Kiingereza nacho kina viambishi vyake, tofauti ni kwamba mara nyingi vya kukusaidia viko mkiani. Kwa hiyo kabla hujagusa herufi nyingine, tafuta mikia: -ing, -ed, -tion, -ness, -ment, -able, -ous, -er, -ist, -ly. Ukiona herufi za mkia mmoja zimetimia, zitoe, ziweke kulia, kisha tazama zilizobaki.

Turudi kwa herufi za ndugu yetu. Toa -tion. Zinabaki A C D E U, na hapo educa- inajitokeza yenyewe. Sasa rudisha, toa mkia mwingine, -ed. Zinabaki A C I N O T U. Ukizitazama vizuri utaona caution (tahadhari) na auction (mnada). Rudisha mkia na umepata cautioned na auctioned. Maneno matatu ya herufi tisa, na kila mkia umefungua mlango wake. Aliyeshikilia mkia mmoja tu angekosa mengine.

Ikiwa mkia haupatikani, tazama mbele: un-, re-, dis-, pre-, inter-, over-, out-. Ikiwa huko nako hakuna kitu, hapo tena subira.

Kuna swali la pili ambalo watu hulichanganya na hili. La kwanza linasema: tumia herufi hizi peke yake. La pili linasema: nitajie neno refu lenye herufi hizi ndani yake, pamoja na nyingine upendazo. Mfano wake maarufu ni neno lenye irabu zote tano za Kiingereza. Wengi huanza kukisia. Wewe anza na mkia -ious, kwa sababu peke yake umebeba irabu tatu, na umebakiwa na deni la a na e tu. Utafika kwenye facetious (mwenye mzaha usio mahali pake) na abstemious (mwenye kujizuia katika kula na kunywa). Ajabu yake ni kwamba katika yote mawili irabu zimejipanga a, e, i, o, u, kila moja mara moja. Ongeza -ly na umepata y pia.

Wakati mwingine unapewa herufi zinazotakiwa kufuatana, tena zinazoonekana haziwezekani. Nani ana neno lenye xyz? Wa famasia wanalo, hydroxyzine, dawa ya muwasho. Nani ana neno lenye konsonanti sita mfululizo, tchphr? Catchphrase. Siri iko kwenye maungio: hydroxy imekutana na -zine, catch imekutana na phrase. Herufi zikigongana vibaya, jua hapo kipande kimoja kimeisha na kingine kimeanza, na uupitishe wembe hapohapo.

Hapa ndipo mchezo unapotoka barazani na kuingia kwenye karatasi ya mtihani. Nimesoma kazi za wenzangu zenye roomate, witholding, unecessary na mispelled, na mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikatwa alama kwa mawili kati ya hayo. Anayeona maungio hakosei: room na mate, kwa hiyo m mbili, with na hold, h mbili, un na necessary, n mbili, mis na spell, s mbili. Hakuna cha kukariri.

Wa kompyuta wataniambia kazi yote hii programu inaifanya kwa kufumba na kufumbua. Kweli. Unapanga herufi za kila neno la kamusi kwa alfabeti, na maneno yenye herufi zilezile yanaangukia fungu moja. Education, auctioned na cautioned yote yanakuwa ACDEINOTU. Iandikeni, ni zoezi zuri la alasiri moja. Ila msije nayo Jumamosi.

Pia yuko Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa; alihifadhi orodha ya maneno. Ninamvulia kofia, lakini simfuati. Sisi maneno haya tunayahitaji darasani, na maneno usiyojua maana yake hayakusaidii mbele ya mhadhiri.

Ndugu wa Bujumbura, zoezi lako la Jumamosi ni hili:

A E G I L N R T

Herufi nane, na mimi ninayajua maneno matano yanayozitumia zote. Matatu yana -ing, na moja kati ya hayo limeiangusha e yake kabla ya kuupokea mkia. Mawili hayana -ing kabisa. Hayo utayakuta kwenye daftari lako la hisabati. Njoo nayo, kete nitakuwa nazo mimi.

Wabillahi tawfiq.