Reli Imekufa, Njia Ni ya Nani?

Ndugu wanakikundi, katika somo la mwezi huu tunatembea mbali kidogo, hadi jimbo la Missouri kule Marekani. Huko iko njia ya miguu na baiskeli iitwayo Katy Trail, ndefu kiasi cha kilomita 386, na sehemu kubwa yake yafuata mto Missouri. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas. Mwaka 1986 mafuriko yaliiharibu vibaya, na treni zikaacha kupita.

Vyuma vikang'olewa, mahali pake pakamwagwa kokoto laini za mawe ya chokaa na kushindiliwa. Magari hayaruhusiwi, farasi wanapita sehemu chache tu. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walifuata mahali tambarare. Ndiyo sababu leo hata mzee anapita hapo bila kuhema, na mlemavu na kiti chake cha magurudumu. Wageni wanakula na kulala katika vijiji vya kando ya njia, pesa zinabaki hapo.

Lakini haikuja kwa upole. Wakulima wengi waliopakana na reli walisema kwamba wazee wao waliipa kampuni ruhusa ya kupitisha treni tu. Sasa treni imekwisha, basi ardhi irudi kwa wenyewe. Tena waliogopa wezi na takataka. Kwa upande wa pili kulikuwa na sheria ya mwaka 1983, inayosema kwamba njia ya reli iliyoachwa yaweza kuwekwa akiba, itumiwe na watu wa miguu, ili treni ikihitajika siku moja irudi. Jimbo likaishika sheria hiyo. Tajiri mmoja, Ted Jones, na mkewe Pat wakachanga dola zaidi ya milioni 2.

Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Rocheport mwaka 1990. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, ilisema sheria ile ni halali, ila mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Mwaka 2000 mahakama nyingine ikaona kwamba wakulima kadhaa wa Missouri walistahili kulipwa. Kumbe walingoja zaidi ya miaka kumi!

Sisi hatuwaiti wakulima wale wakorofi. Kumpa mtu pa kupita si kumpa shamba. Lakini njia ndefu kama ile ikishakatwa vipande, nani ataiunganisha tena? Hapa Kenya reli ya Nanyuki ililala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa bado ipo.

Sasa turudi nyumbani. Vikundi vingi vyetu vina bomba la maji linalopita katika mashamba ya watu. Ruhusa ilitolewa kwa mdomo, chai ikanywewa, mambo yakaisha. Mzee akifariki, wanawe watasema nini?

Tujadiliane: Bomba letu linapita kwa nani, na iko karatasi yenye sahihi? Tuliomba kupitisha maji tu, au kumiliki ardhi? Mradi ukifa, ile njia itakuwa ya nani? Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha mikutano, na wenye mashamba hayo waitwe siku hiyo hiyo.