Mtaa Wenye Jina la Mtakatifu



Leo tusome Yohane 1:43-51. Filipo anamwambia Nathanaeli kwamba wamempata yule aliyetabiriwa, Yesu wa Nazareti. Nathanaeli anauliza kama kule kunaweza kutoka chochote chema. Sasa fungua Yohane 21:2: Nathanaeli ni mtu wa Kana, Galilaya hiyohiyo. Yaani dharau hii haikutoka mbali Yerusalemu, ilitoka kwa jirani.

Mstari huo hunikumbusha Cabrini-Green, mtaa wa nyumba za serikali huko Chicago, Marekani. Nyumba za kwanza zilifunguliwa mwaka 1942 zikapewa jina la Mtakatifu Frances Xavier Cabrini, mmisionari wa wahamiaji aliyefariki jijini humo mwaka 1917. Baadaye yakaongezwa maghorofa marefu. Kazi za viwandani zikapotea, matengenezo yakasahaulika, lifti zikafa, magenge yakaingia. Mwaka 1992 mtoto wa miaka 7 aliuawa kwa risasi pale akienda shule na mama yake. Hatari ilikuwa ya kweli, tusidanganyane.

Lakini mwaka huohuo ikatoka filamu ya kutisha, Candyman, ambayo kisa chake kiko mtaani humo. Jina la mtakatifu likawa la kuogofya hata watu ambao hawajawahi kukanyaga pale. Na matajiri wa Gold Coast walikaa karibu tu, mwendo wa miguu. Kana na Nazareti kabisa! Kijana akitaja anwani yake, ameshahukumiwa. Basi wapo walioona afadhali kuificha.

Hapa huwa tunakimbilia kujitetea: mbona mwanamuziki Curtis Mayfield alikulia hapo? Kweli. Ila hoja hiyo ina shimo (nisameheni, falsafa imenikaa kichwani). Je, ambaye hakuwa maarufu? Yule aliyembebea bibi mizigo hadi ghorofa ya kumi kwa sababu lifti imekufa, naye tumtafutie cheti? Yesu mwenyewe aliishi Nazareti mpaka akakaribia miaka 30, na Injili zinatuambia machache mno kuhusu miaka hiyo. Wema wake haukuanza siku alipojulikana.

Filipo habishani. Anamwambia tu aje aone. Na Nathanaeli, pamoja na mdomo wake ule, anakwenda. Yesu anamwona akija, hamuulizi habari ya Nazareti, anamsifu kuwa ni mtu asiye na hila.