Wazazi Hawajulikani: Kushukuru kwa Ajili ya Ukoo Wenye Pengo



Wapendwa vijana, likizo hii nimekuwa mgeni wa kila mara kwenye nyumba ya wanandoa wawili wa rika langu. Mume tulitumikia altareni pamoja tukiwa wadogo, mpaka tukagawana njia: yeye akachukua ufundi umeme, mimi nikaenda seminari. Mke nilimfahamu siku ya posa, nilipotumwa na mshenga kama mbeba mizigo. Wameniruhusu niandike habari yao kwa sharti kwamba nisitaje majina.

Yote yalianza Desemba. Shemeji ni Mchagga, na wenye marafiki Wachagga mnajua mambo ya Desemba: tiketi za basi zinapotea, jiji linabaki na nafasi za kuegesha magari, kila mtu yuko njiani kwenda Kilimanjaro kula Noeli kwenye kihamba cha kwao. Rafiki yangu alikwenda ukweni kwa mara ya kwanza kama mume. Anasema walichinja, wakala, wakanywa, kisha jioni mzee mmoja wa ukoo akasimama karibu na makaburi yaliyo pale migombani na kuanza kutaja majina, fulani mwana wa fulani, mpaka vizazi saba. Watoto wadogo walikuwa wanaitikia kama wanaimba litania. Halafu mzee akamgeukia yeye kwa upole kabisa: "Na kwenu, mkwe wetu?"

Akataja baba yake na babu yake, akakwama. Akacheka kidogo, akasema, "Sisi watu wa pwani hatuhesabu sana, mzee." Watu wakacheka naye, mambo yakaisha. Ila kwenye basi wakati wa kurudi alikaa kimya mpaka Segera. Ndipo mkewe, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano, akamuuliza: "Huyu tutamwambia nini?"

Basi akaanza kutafuta. Alianza na njia ambayo Mkatoliki yeyote anayo na wengi hatuijui. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia itunze madaftari ya ubatizo, ndoa na marehemu. Si jambo la juzi, kwa kuwa Mtaguso wa Trento uliagiza uandikishaji wa namna hii mwaka 1563. Ukisoma mstari mmoja wa daftari la ubatizo unakuta jina la mtoto, wazazi wake, wasimamizi, mahali na tarehe, na pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa. Kwa hiyo kila mstari unakupandisha kizazi kimoja. Ukipata ubatizo wa babu, umempata baba wa babu, na ukijua huyo alibatizwa wapi, unapanda tena. (Tena si kwa ajili ya mapambo. Kanuni ya 1091 inabatilisha ndoa ya ndugu wa damu wa pembeni hadi daraja la nne, yaani hadi watoto wa ndugu wawili. Asiyejua ukoo wake anaweza kumchumbia binamu yake bila kujua.)

Katibu wa parokia moja ya pwani alimsaidia kwa uvumilivu mkubwa. Hakumruhusu kupiga picha, na nadhani alifanya vizuri, maana kurasa zile zina habari za familia nyingine pia. Akanakili kwa mkono. Babu, 1932. Baba wa babu, 1901. Na juu yake mstari wa mwaka 1884: jina moja tu, jina la mtakatifu, umri wa kukadiria miaka kumi, na mahali pa wazazi pana maneno mawili ya Kilatini. Akanitumia kwenye simu: "Frateri, hii maana yake nini?"

Nilijua maana yake palepale. Nilikaa na simu mkononi karibu dakika kumi kabla ya kujibu. Maana yake ni "wazazi hawajulikani".

Mtoto wa miaka kumi, pwani, mwaka 1884, bila baba wala mama. Ukiwa umesoma historia kidogo unaelewa alifikaje pale. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868, na kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa kuwakomboa na kuwalea watoto waliokuwa wamefanywa watumwa. Wakajenga pale kijiji cha Wakristo walioachwa huru. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara iliendelea kwa magendo, na watoto waliendelea kufika kwenye misheni za pwani wakitoka bara, wengine wakiwa wadogo mno kukumbuka walikotoka.

Rafiki yangu aliposikia hivyo hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe." Aliyekasirika ni baba yake mkubwa, mkubwa wa ukoo tangu baba mzazi afariki. Walikwenda kwake na wazo zuri: mtoto amezaliwa Aprili, atabatizwa Jumapili ya nne ya Julai, siku ambayo tangu mwaka 2021 Kanisa linawaadhimisha mababu, mabibi na wazee, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Ana. Siku hiyohiyo watafanya sherehe ya shukrani kwa miaka miwili ya ndoa, na majina ya koo zote mbili yatasomwa mbele ya ndugu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Someni mpaka babu yangu. Huyo mwingine muacheni alipo. Mnataka wakwe zenu waseme tumewapa mjukuu wa mtumwa?"

Mimi nilikuwepo. Akanigeukia: "Na wewe Frateri, umesoma, waambie." Nikanyamaza. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningepaswa kumjibu siku ile, kwa heshima yake yote.

Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mkulima wa Israeli anatakiwa aweke malimbuko ya shamba kwenye kikapu, apeleke mahali pa ibada na kumkabidhi kuhani. Wengi tukisoma tunaishia kwenye kikapu, tunaitumia kuhimiza zaka. Tazameni anachotakiwa kusema. Hasemi "asante kwa mavuno" akaondoka. Anaanza na babu yake: mtu wa kuhamahama asiye na pake, aliyeshuka Misri na watu wachache. Kisha anasema kule tulitendwa vibaya, tukatumikishwa kwa ukali, tukalia, Mungu akasikia. Ndipo anakionesha kikapu. Sala rasmi ya shukrani ya taifa zima ina utumwa ndani yake, na imewekwa kinywani mwa mtu ambaye yeye mwenyewe hajawahi kuwa mtumwa, ana shamba lake na mavuno yake. Anatakiwa aseme "sisi". Na aya ya 11 inaongeza kwamba baada ya hapo afurahie mema hayo pamoja na Mlawi na mgeni anayeishi kwake. Yaani sherehe ni sehemu ya agizo lenyewe.

Ukiondoa maneno ya utumwa hapo, kikapu kinabaki kuwa majigambo ya mkulima.

Mathayo naye hakusafisha orodha yake. Ile Injili ya majina tunayoisinzia tarehe 17 Desemba ina mafungu matatu ya vizazi kumi na vinne, na kabla ya kufika kwa Maria inataja wanawake wanne: Tamari, ambaye habari yake katika Mwanzo 38 hakuna anayeisoma mbele ya watoto, Rahabu, anayejulikana kwa kazi yake kule Yeriko, Ruthu, mgeni kutoka Moabu, na wa nne hatajwi hata kwa jina lake, anaitwa mke wa Uria, ili msomaji asisahau Daudi alimpataje. Mwinjili angeweza kuwaruka. Zipo nasaba nyingi za Biblia zisizotaja wanawake kabisa, asingelaumiwa na mtu.

Nitawachosha na falsafa kwa aya moja, mnisamehe, ndiyo digrii niliyopewa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 107, anapanga daraja tatu za kukosa shukrani. Ya chini ni kutolipa fadhila. Ya pili ni kuinyamazia, kufanya kana kwamba hukupokea kitu. Ya tatu, iliyo mbaya kupita zote, ni kutoitambua kabisa, kwa kuisahau au kwa namna nyingine. Nilipoisoma darasani niliona ajabu kidogo, maana kwetu mtu mbaya ni asiyelipa deni! Sasa nafikiri naielewa. Asiyelipa bado anajua anadaiwa. Baba mkubwa yuko kwenye kunyamaza. Lakini mtoto huyu wa Julai, asipoambiwa, atazaliwa moja kwa moja kwenye daraja la tatu bila kosa lake mwenyewe: atakuwa Mkristo kwa sababu ya mtoto mmoja wa 1884, na hatajua.

Najua kuna atakayeniletea Paulo. Ndiyo, katika 1 Timotheo 1:4 na Tito 3:9 anakataza kushughulika na nasaba zisizo na mwisho. Anakataza ubishi, watu kupimana nani bora kwa uzao. Na hilo hata sisi tunalo. Nimeshakaa kwenye vikao vya harusi ambako ukoo unatajwa ili kupandisha dau la mahari. Lakini Paulo huyohuyo, akimwandikia Timotheo mara ya pili, anaanza kwa kumkumbusha imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo tofauti iko kwenye unachokitafuta kule juu.

Na swali ambalo vijana wananiuliza sana: je, hii si kuabudu mizimu? Kuwauliza wafu mambo yaliyofichika, kupiga ramli, kuwatuliza kwa hofu wasitudhuru, hivyo vimekatazwa, Katekisimu namba 2116 iko wazi. Kuwakumbuka, kuwaombea, kuwatolea Misa, ni imani yetu katika ushirika wa watakatifu. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1984, akamwelezea Kristo mwenyewe kama Mhenga wetu. Sijakubaliana naye kila mahali, lakini kwa mtu ambaye mstari wa wazazi wake umeandikwa "hawajulikani", wazo hilo lina uzito ambao darasani sikuuona.

Jambo la mwisho ambalo ningemwambia mzee, na hili ndilo linaniuma. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania Bara liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji pale Bagamoyo. Tulishangilia kwelikweli, vitenge vilichapwa. Sasa Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwa akina nani? Walikuwa watoto kama yule. Sisi wengine wote tulikuja baadaye. Ukitafuta malimbuko ya kikapu chetu, ni wao. Baba mkubwa aliogopa wakwe wa Kilimanjaro, na kule imani ililetwa na shirika lilelile, likitokea pwani.

Wanandoa wenyewe walibishana wiki mbili. Shemeji alitaka jina lisomwe, mume hakutaka kumvunjia heshima mzee aliyemlipia ada. Nasema wazi, sikujua nani ana haki. Mwishowe mume alirudi kwa baba mkubwa peke yake, akamwambia, "Baba, nitalisoma. Nimekuja kukwambia kabla, usije ukalisikia kwa watu." Mzee hakujibu.

Ubatizo ulikuwa Misa ya kwanza. Mzee hakuonekana kanisani. Nyumbani kulikuwa na turubai moja, pilau, soda, na keki ndogo. Ningependa sherehe zetu nyingi zingekuwa hivyo. Tuna kamati ya chakula, kamati ya mapambo, kamati ya usafiri, kila kitu kina kamati isipokuwa kumbukumbu. Mjomba wa shemeji alitaja vizazi vyake saba. Rafiki yangu akasimama, karatasi inatetemeka. Wakati anaanza nikamwona baba mkubwa anaingia, amevaa koti, anakaa kiti cha mwisho karibu na masufuria.

Baba. Babu. Baba wa babu. Halafu: "Na huyu alifika pwani akiwa mtoto. Alikuwa amefanywa mtumwa. Hatujui alitoka wapi, hatujui wazazi wake. Alibatizwa mwaka 1884, na mjukuu wake amebatizwa leo." Akalisoma jina.

Wachagga hawakusema kitu, isipokuwa bibi mmoja aliyepiga ishara ya msalaba. Kisha sauti ikatoka kule nyuma: "Hilo ni jina la misheni." Baba mkubwa alikuwa amesimama. "Babu yangu aliniambia la kwao." Akalitaja. Si jina la pwani. Akalirudia mara ya pili, polepole zaidi, kwa sababu shemeji alikuwa ameomba kalamu na, kwa kukosa karatasi, alikuwa analiandika nyuma ya kadi ya ubatizo ya mtoto.