Mwanangu Analia Huko Mallorca

SWALI: Bwana Mshauri, binti yangu wa miaka 14, ambaye hapa Nairobi huwashinda wenzake wengi, amekwenda Hispania, katika kisiwa cha Mallorca, kwenye kambi ya mazoezi ya tenisi. Usiku wa siku ya kwanza alinipigia simu akilia: mipira yake ilianguka mifupi na mingine ikanasa wavuni, akawekwa pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, akala peke yake. Baba yake asema arudi. Nimwite?
Mama Mwenye Dhiki, Nairobi

JIBU: Usimwite, mama. Simu ile imekukata maini, wala sikulaumu. Lakini katika hayo yaliyomliza, lile kubwa, yaani mipira, lina sababu iliyo mbali kabisa na ufundi wake.

Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa yake ni nyepesi, mpira ukipigwa hupaa, hata Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka mipira makhsusi kwa mahali palipozidi mita 1,219. Binti yako, basi, amezoea kuuzuia mkono wake ili mpira usitoke nje, ilhali huko pwani ya Mallorca hewa nzito huushika mpira njiani, na viwanja vyao vya udongo mwekundu, ambao aghalabu ni tofali lililosagwa, huupunguzia kasi na kuurusha hadi mabegani, hivyo pigo ambalo Nairobi lingefika mstari wa nyuma huko lafia katikati. Na aseme na mwalimu wake habari za nyuzi za raketi, kwani wachezaji wa nyanda za juu aghalabu huzikaza, na yamkini zake zahitaji kulegezwa kidogo. Kisha aupitishe mpira juu zaidi ya wavu.

Habari ya kundi isiwashughulishe. Siku ya kwanza walimu huwatazama wageni tu, na aliyepangwa leo huweza kuhamishwa kesho.

Upweke ndio unaonitia huruma hasa. Mwambie aombe kucheza mchezo wa wawili wawili, ambamo hata wasiojua lugha moja hulazimika kuelewana. Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake huko kwenu, alitwaa taji la wasichana la wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp, binti wa Uholanzi.

Baba yake umsomee haya. Mpangiane na mtoto saa moja ya simu kila jioni, na kabla ya kumuuliza alivyocheza, mwulizeni amekula na nani. Ila akitaja mtu anayemdhulumu, au mkubwa anayemtia hofu, hapo msingoje jibu la gazeti: mmoja wenu apande ndege akamchukue.