Hadithi kwenye foleni ya Malaba

Swali: Ninaendesha lori, Mombasa hadi Malaba. Redio imenichosha. Nitapataje riwaya za zamani za kusikiliza? – Dereva, Malaba

Jibu: Ndugu yangu, anza na LibriVox. Humo vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki husomwa na watu wa kujitolea, na kusikiliza ni bure. Vingi ni vya Kiingereza. Tafuta King Solomon's Mines cha Haggard (1885), kilichofasiriwa mwaka 1929 kuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wasomaji hawalingani; anayekukera, mwache.

Pakua kabla hujang'oa nanga Mombasa. Ukikaribia mpaka, simu hudaka mtandao wa Uganda, na bando za Kenya hugoma hadithi ikiwa imenoga.

Kwa Kiswahili, nunua Siku Njema ya Ken Walibora, umpe mwanao aliye sekondari, kama unaye, akusomee sura moja moja, arekodi kwa simu. (Naye atakuwa amedurusu bila kusukumwa.) Sura ndefu ziwekee foleni ya forodhani.

Tumia spika ya gari, usizibe masikio. Na ukirudi, ukianza kuteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, zima kabisa.